Uma wa Kaboni kwa Kinga ya Tata

Mama yangu alipofariki, tata, yaani baba yangu, alinipa baiskeli yake ya mashindano. Aliniita nyumbani kwake hapa Kolwezi, katika mtaa wa wafanyakazi wa mgodi nilikozaliwa. Aliitoa ukutani ilikotundikwa kwa miaka mingi, akaipangusa vumbi kwa fulana kuukuu na kusema amechoka kuiangalia. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, na watoto wangu walikuwa tayari wanasoma Lubumbashi. Kinga, kama tunavyoiita baiskeli huku kwetu, nilikuwa sijaipanda tangu utotoni. Niliipokea kwa sababu sikutaka kumkatalia siku zile.

Ilikaa kwenye baraza langu majuma kadhaa. Kisha asubuhi moja ya Jumapili, nyumba ilipokuwa kimya kupita kiasi, nilivaa suruali ya mazoezi nikazunguka nayo mtaa. Wanawake waliokuwa wakifagia mbele ya nyumba zao walisimamisha fagio kunitazama. Mmoja, ambaye tunasali parokia moja, aliniuliza kwa huruma kama gari langu limeharibika. Nilimjibu kwamba sina gari, akacheka, nami nikacheka, na nadhani hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu mazishi.

Baada ya muda nikajiunga na kundi la watu wanaotoka na kinga kila Jumapili baada ya misa ya kwanza: karani wa mgodi, muuza simenti, muuguzi, na wengine waliokuja na kupotea. Nilikuwa mwanamke peke yangu. Tulikuwa tunashika barabara ya Likasi na kwenda mpaka miguu iseme basi. Barabara ile inapitwa usiku na mchana na malori ya madini, na lami yake imechanika kama kitambaa kilichofuliwa mno. Kila ufa ulipanda kutoka gurudumu la mbele hadi viganjani mwangu. Jumatatu darasani vidole vilikuwa bado vimekufa ganzi, na chaki ilikuwa inaniponyoka ubaoni.

Muuguzi ndiye aliyeniambia sababu. Alisema kinga ya tata ni nzuri, ila uma wake wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ni wa chuma kizito cha zamani. Sisi tunauita furshi, kwa Kifaransa chetu cha hapa. Wengine wote kundini walikuwa na furshi ya kaboni: nyuzi nyeusi nyembamba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi ngumu. Ni nyepesi, alisema, na inameza mtikisiko kabla haujafika mikononi. Alinipa kinga yake niijaribu kidogo. Nilihisi kama nimehamia barabara nyingine.

Nilipomweleza tata, hakupendezwa. Alikuwa ameketi uani akimenya mihogo, kazi aliyoirithi kwa mama bila kuagizwa na mtu.

"Chuma inapindama mbele ya kuvunjika," alisema. "Inakuonya. Ile kaboni yenu inavunjika tu mara moja. Utajikuta chini, na haujue juu ya nini."

Sikubishana naye. Nilijua kwamba hatuzungumzii chuma tu.

Furshi ile ilikuwa na historia, na historia yake ilikuwa ya nyumba yetu. Tata alikuja Kolwezi akiwa kijana, kutoka Manono huko kaskazini, akaajiriwa mgodini kama fundi wa kuchomelea vyuma. Siku hizo wafanyakazi walikuwa na mashindano ya kinga. Wakati wa kiangazi walikuwa wanaondoka Kolwezi alfajiri na kumaliza Fungurume, ambayo haikuwa mji wa malori na mabango kama leo, bali kituo kidogo chenye soko la kukaa chini. Nilipokuwa mdogo mashindano yalikuwa bado hayajafa kabisa, na nakumbuka nikibebwa mabegani karibu na Fungurume kutazama wanaume wakipita, miguu inang'aa kwa mafuta ya mawese, kaptura zao zimekatwa kutoka suruali za kazi. Walipita upesi sana. Tulikuwa tumesubiri asubuhi nzima, na kilichobaki ilikuwa harufu ya jasho, vumbi linalotua polepole, na kina mama wakibishana nani alikuwa wa mbele.

Mwaka ule wa furshi, tata alikuwa wa tatu wakiingia Fungurume. Alipojaribu kumpita wa pili, gurudumu lake liliteleza kwenye changarawe, akaacha barabara, akaingia sokoni na kuangukia beseni la nyanya. Beseni lilikuwa la msichana aliyekuwa akiuza na shangazi yake. Baba wa msichana alikuwa karani, mtoto wa watu walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Msichana yule ndiye mama yangu.

Kisa hiki tulikisikia nyumbani mara nyingi hata tukakijua kwa zamu zake. Mama alikuwa anaanza. Alikuwa anasema alidhani kijana amekufa, kwa sababu alikuwa mwekundu kifua kizima, akaanza kulia, mpaka alipoona mbegu za nyanya. Hapo tata alikuwa anaingilia na kusema kwamba yeye hakuwa amezimia, alikuwa anafumba macho kwa aibu. Jumapili iliyofuata alirudi Fungurume na nyanya za bustani ya rafiki yake, akaketi kando ya beseni na kuziuza. Alirudi tena na tena. Shangazi alimwambia mama kwamba mtu wa kaskazini asiyejua hata kupanga nyanya hawezi kuwa na nia mbaya. Ukoo wa mama ulichelewa kukubali, maana watu wa Kasai na watu wa Katanga walikuwa na mambo yao, lakini mwishowe walikubali.

Furshi ilikuwa imepinda katika ajali ile. Tata aliinyoosha mwenyewe kwa moto mgodini, akaichomelea pale juu miguu miwili inapoungana, akaendelea kuipanda miaka yote. Kwa hiyo nilipomwambia kuhusu kaboni, ilikuwa kama nimemwomba aondoe jiwe katika msingi wa nyumba. Niliacha. Niliendelea kupanda na kufungia vitambaa kwenye usukani.

Ni yeye aliyerudi kwenye jambo hilo. Alikuja kwangu siku moja jioni, akaona jinsi nilivyokuwa nashika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mgonjwa. Aliigeuza kinga chini juu, akazungusha gurudumu la mbele, akaegemeza sikio. Kisha akaniomba mafuta ya taa na chaki.

Nilidhani anatania, lakini alikuwa akifanya kazi yake ya zamani. Alitoa gurudumu, akaipaka furshi mafuta ya taa pale juu alipochomelea, akasubiri, akaikausha vizuri kwa kitambaa. Halafu akasaga chaki zangu za shule na kuupuliza ule unga juu ya chuma. Tulikaa tukitazama. Alinieleza kwamba mafuta yanaingia kwenye ufa ambao jicho halioni, na ufa ukiwepo yatarudi nje na kuilowesha chaki.

Mstari ulitokea polepole, mwembamba kama unywele, ukizunguka nusu ya mguu wa kushoto.

Tata aliutazama muda mrefu. Aliugusa kwa kidole, chaki ikafutika, akapuliza unga mwingine, na mstari ukarudi pale pale. Alikuwa ameniambia chuma huonya, na sasa kilikuwa kimeonya.

"Ulipanda na hii mpaka wapi?" aliniuliza.

Nilimtajia mahali, karibu na mteremko wa daraja ambapo malori hushuka yakifuatana. Alikunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kesho tuende tutafute ile yako ya kaboni," alisema. "Lakini mi ntaiangalia mwenyewe."

Kulikuwa na mama mmoja mjini aliyekuwa akileta vipande vya baiskeli kuukuu za Ulaya. Vilikuwa vinashuka bandarini Angola, vinapanda reli mpaka Dilolo mpakani, na kutoka hapo anavileta Kolwezi vikiwa vimefichwa katikati ya marobota ya nguo za mtumba ili visikwaruzwe. Duka lake lilikuwa kontena lenye dirisha lililokatwa kwa moto, na tata kabla hata ya kusalimia alikagua mkato ule na kusema aliyeukata alikuwa na haraka. Mwenye duka alicheka. Alimpa tata kiti, akaniita mwalimu, akatoa furshi tatu kutoka kwenye blanketi la mtoto na kuzilaza juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi inayong'aa, nyuzi zake zinaonekana chini ya rangi kama mkeka uliosukwa. Niliipenda papo hapo. Lakini tata alikuwa amekuja na fremu mkononi na furshi ya zamani kwapani, mtu mzima amebeba kinga isiyo na gurudumu la mbele katikati ya mji, na alipojaribu kupitisha shingo ya furshi katika bomba la mbele, ilikataa kuingia. Baiskeli za siku hizi zina shingo nene kuliko za zamani. Aliirudisha juu ya meza kwa heshima.

Ya pili ilikuwa kaboni tupu, kuanzia shingo hadi miguuni. Shingo ilikuwa ya kipimo chetu. Nilipoinyanyua, mkono ulipanda juu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ulikuwa umejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Mwenye duka alisema hata wazungu wanaitafuta ya namna hiyo na hawaipati. Nilitaka kuondoka nayo. Tayari nilijiona barabarani, nikimpita karani wa mgodi kwenye kilima.

Tata aliomba sarafu. Hapa sarafu hazitumiki tena, tukatafuta, mwenye duka akapata moja ya Angola chini ya droo. Tata alifumba macho na kuanza kuigonga furshi taratibu, akishuka nayo mguu mmoja na kupanda mwingine. Sauti ilikuwa kavu na safi, tik, tik, kama ukucha juu ya kikombe. Karibu na chini, pale mhimili wa gurudumu unaposhikwa, sauti ilibadilika. Ikawa nzito, kama kugonga mkate.

"Nani alikufundisha hii, tata?" mwenye duka aliuliza.

"Hakuna," alijibu. "Tulikuwa tunagonga mabomba hivi. Sijue kama kaboni inasema luga moja na mabomba. Lakini hapa haisemi sawa na pengine."

Tuliipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya rangi kulikuwa na doa jeupe dogo, mahali ilipopigwa na kitu. Labda halikuwa kitu. Labda ilikuwa rangi tu iliyoinuka. Mwenye duka, sharti niseme, hakujaribu kuitetea bidhaa yake. Alisema hajui, na kwamba yeye mwenyewe hangempandisha mwanawe.

Ya tatu nilikuwa sijaitazama vizuri. Ilikuwa ya buluu iliyofifia, imekwaruzwa hapa na pale, rangi ya daftari za shule. Miguu yake ilikuwa kaboni, lakini shingo ilikuwa ya alumini, na kwa hiyo ilikuwa nzito kidogo kuliko ya pili. Tata aliigonga yote na sauti haikubadilika popote. Kisha akailaza sakafuni sambamba na ile yetu ya zamani, akalinganisha jinsi miguu inavyopinda kwenda mbele. Alinieleza kwamba ikipinda zaidi au pungufu, usukani utakuwa mzembe au mkaidi, nami nitagombana na kinga kwenye kila kona. Zilifanana sana. Aliangalia pia kama breki zetu zitafikia gurudumu, na kama shingo haikuwa imekatwa fupi na mmiliki wake wa kwanza. Ilikuwa ndefu, ya kutosha na kubaki.

Nilijua yeye anataka ipi. Ilikuwa na alumini ndani yake, kitu cha kuelewana naye. Nami bado mkono wangu ulikuwa unakumbuka wepesi wa ile ya pili. Nilizinyanyua mbili pamoja, moja kila mkono, nikasimama pale kama mtu anayepima samaki sokoni. Nilitarajia aniamulie, kama alivyoniamulia shule, na karibu aniamulie mume.

"Wewe njo utapanda, si mi," alisema tu, akaenda kukaa.

Nilichukua ya buluu. Ningependa kusema nilifikiri kwa kina, lakini nilifikiria daraja lile na malori yanayoshuka, nikaiweka nyepesi chini. Mwenye duka alituchimbulia katika magunia yake gololi na vikombe vyake, na kishikio cha usukani cha kufaa, maana shingo mpya haikuwa na meno ya nati kama ile ya zamani. Tulirudi kwa miguu, tata akiwa na fremu begani, mimi na furshi imefungwa ndani ya kitenge mgongoni kama mtoto. Watu walitusalimu njia nzima. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya siku ile nilipotembea na tata mjini bila kwenda hospitali au msibani.

Kazi ya kuifunga ilichukua Jumamosi nzima uani kwake. Alikata shingo kwa msumeno wa chuma, akiongozwa na bangili mbili za kubania mipira ya maji ili mkato unyooke, na akaiacha ndefu kidogo makusudi, kwa sababu iliyokatwa hairefuki. Shida ilikuja kwenye kukaza. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba vitu hivi havikazwi kwa nguvu. Tata alikuwa amekaza boliti za mitambo maisha yake yote, kwa bega na kwa uzito wa mwili. Alishika ufunguo mdogo wa boliti kwa vidole viwili, akaanza, akasimama, akanitazama.

"Mukono yangu haijue kufunga polepole," alisema. "Fanya wewe."

Nikakaza mimi, naye akiwa ameweka kiganja chake juu ya usukani ili kuhisi. Aliponiambia inatosha, niliacha.

Kabla sijaipanda, aliomba aijaribu. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini na goti moja bovu. Nilitaka kukataa, nikaona jinsi alivyokuwa tayari amekunja mguu wa suruali. Nilimshikia kinga akapanda. Aliyumba mpaka kwenye lango, halafu mwili ukakumbuka. Alienda moja kwa moja hadi mwisho wa mtaa, mgongo umelala, viwiko vimekunjwa ndani, mzee aliyevaa shati la kanisani. Majirani walitoka. Wazee wawili waliofanya naye kazi mgodini walisimama kwenye milango yao, na mmoja wao alianza kupiga makofi polepole, kwa mdundo, kama tulivyokuwa tunawapigia zamani wakipita. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya njia na ufunguo mkononi, sioni vizuri.

Aliporudi alikuwa anahema na anacheka. Nilimuuliza imekuwaje. Alifikiri kwanza.

"Iko muzuri," alisema. "Lakini inanyamaza. Ile ingine ilikuwa inanisemesha njia yote."

Jumapili iliyofuata nilienda nayo barabara ya Likasi, na nilimwelewa. Mikono ilikuwa imepona. Nyufa zilipita chini yangu kama habari za mbali. Niliweza kuinua kichwa na kutazama vilima vile ambako miti haioti, kwa sababu ya shaba iliyomo, bali majani mafupi na maua madogo ya zambarau. Nilikuwa nawafundisha wanafunzi habari za udongo ule kila mwaka, na nilikuwa sijawahi kuutazama kwa utulivu hivyo. Nilipita mteremko wa daraja, malori yakashuka, nikashuka nayo.

Mwaka jana tata alirudi Manono kuishi na dada yake mkubwa. Alisema shaba imemtosha. Furshi ya zamani aliifunga ndani ya kitenge kimoja cha mama na kuiweka katikati ya nguo zake. Sikumuuliza ya nini, na shangazi ananiambia imesimama kwenye kona ya chumba chake. Nyumba ya mtaani wanaishi watu wengine sasa, wamepaka rangi ya kijani, wamefungua kiduka cha vocha dirishani.

Mtandao ukikubali tunazungumza Jumapili mchana. Hanisemeshi sana habari za afya yake. Anauliza niliamka saa ngapi, upepo ulikuwa wa upande gani, walinipita au niliwapita. Juzi nilimwambia kundini tumepata mwanamke wa pili, mhasibu wa kampuni ya uchukuzi, ana kinga mpya kabisa na anaogopa kushuka kilima. Alicheka, akasema nimwambie aangalie mbali, asiangalie gurudumu. Kisha simu ikakatika, kama kawaida yake, nami nikaenda kufua nguo zangu za vumbi.